Kila Kazi na Mtutu Wake

Pale Soni, barabara ya Lushoto na ile ya Bumbuli zinapoachana, wazee hukaa kwenye baraza la duka wakinywa kahawa baada ya swala ya magharibi. Mazungumzo huanza na kabichi: malori mangapi yameteremka Mombo leo, na dalali gani kawapunja wakulima. Lakini wakikutana wawili watatu waliowahi kuvaa magwanda, kabichi husahaulika. Mmoja akiitaja tu SMG, mwingine huweka kikombe chini.

"SMG inakula risasi kama mbuzi aliyefunguliwa shambani," husema jirani yangu mmoja, aliyekwenda vita vya Kagera kijana akarudi mtu mzima. "Mimi nipeni SAR. Kidole kimoja, risasi moja."

"Na adui wakija ishirini, mgosi?"

"Mimi nina kumi. Hao kumi wengine utawamaliza wewe kwa maneno, si ndiyo silaha yako?"

Baraza zima hucheka. Nimeusikia ubishi huu kwa miaka mingi na haujapata mshindi. Zamani niliudharau, nikiuona ni wa wazee wasio na la kufanya. Siku hizi nausikiliza kwa makini, maana nimeona kwamba Msambaa akikwambia anapenda bunduki gani, amekwambia alifanya kazi gani, alimwogopa nani, na anadhani silaha ni ya nini.

Kwa asiyejua majina haya, SMG ni ile ambayo dunia nzima huiita Kalashnikov au AK-47. Ukibana kifyatulio ukakishikilia, inamwaga risasi mpaka kasha lake la risasi 30 likauke. SAR ni dada yake mkubwa, SKS, iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov vita vikuu vya pili vilipokuwa vinaisha, na Wachina wakaitengeneza kwa wingi. Inakula risasi zilezile za SMG, ila ndani zinaingia 10 tu. Ikishapiga, yenyewe hutema ganda na kuvuta risasi nyingine mahali pake, kisha inakusubiri. Usipobana tena, haipigi. Mbele ina singe inayokunjwa chini ya mtutu, na kitako chake ni cha mti. Ni bunduki ya lindo, na kwa watu wengi wa rika langu ndiyo bunduki ya kwanza kuiona kwa karibu, imeegemezwa ukutani karibu na mlinzi anayesinzia.

Wanaoipenda wana hoja zao. Jirani yangu, mstaafu huyo wa Soni, husema SAR humfundisha mtu kuhesabu. Mwenye risasi 30 na kidole chepesi hajui amebakiwa na ngapi, mwenye 10 anajua. Mwingine, aliyekuwa mkufunzi wa mgambo, huisifu kwa sababu mtutu wake ni mrefu kuliko wa SMG, hivyo shabaha yake imetulia. Upande wa pili wapo wanaosema hayo ni maneno ya watu wa lindo, kwamba ukishaviziwa msituni hutaki bunduki ya kukufundisha hesabu. Halafu yupo mzee mmoja, mkimya kuliko wote, ambaye akiulizwa hujibu neno moja tu: gobore. Hapo vijana huangua kicheko. Mimi sicheki, kwa sababu huyo peke yake ndiye anayezungumzia bunduki iliyokaa milimani humu miaka mingi kuliko hizo zote.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi historia ya mapendeleo haya, kama tungekuwa na subira ya kufungua kamusi za zamani. Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikaja ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Ikafuata ya fataki, iliyogongwa kifuniko kidogo cha baruti. Kisha ya viasi, yaani ya kutiwa risasi kwa nyuma badala ya kushindiliwa kwa mdomo. Ilikuwapo ya midomo miwili, na ya marisau kwa ndege na wanyama wadogo. Mzinga wa Wajerumani uliomwaga risasi mfululizo watu waliuita bombomu, kwa mlio wake. Babu zetu hawakuwa na neno moja tu "bunduki" kama tulilonalo sisi. Mtu alipouliza "ya namna gani?" alijibiwa kwa jina, na jina hilo lilimwambia papo hapo itachukua muda gani kupiga mara ya pili.

Hata hivyo ufalme wa Usambara haukuanzishwa kwa bunduki ya namna yoyote. Kila mtoto wa huku anaijua habari ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu akafukuzwa na nduguze kwa kuwa alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia kuota. Alifika Shambaai, yaani Usambara, na mikuki na mbwa, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama, nao Wasambaa wakampa chakula cha shambani. Akamuua simba, wakampa jina la Simba Mwene, wakampa na kiti cha Vugha. Habari hiyo iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kila mtu wa Tanga anapaswa kuwa nacho nyumbani. Tazama basi mfalme huyu alipataje kiti. Silaha yake ilisifiwa kwa kuokoa mazao. Hakuna anayesimulia Mbegha aliua watu wangapi.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wazee hulisema kwa sauti ya chini huku wakitabasamu. Wasambaa wengi leo ni Waislamu, na ukoo wao wa kifalme, Wakilindi, ulianzishwa na mwinda nguruwe mwenye kundi la mbwa. Haijawahi kumsumbua mtu. Nguruwe bado huuawa, ila kinachobadilika ni nani anayembeba kwenda nyumbani.

Bunduki zilipokuja ziliingilia nyikani, na hilo lilibadili kila kitu. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu mwanzoni mwa karne ya 19 hadi 1862, alikaa Vugha juu mlimani, na amri yake ilifika hadi pwani. Krapf, mmisionari Mjerumani, alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika 1857. Lakini tayari Wazigua walioishi karibu na Pangani na njia za Zanzibar walikuwa wamepata bunduki, na bondeni kule neno la Kimweri lilianza kupungua uzito. Mlima uliomlinda mfalme dhidi ya Wamasai ndio uliomweka mbali na soko la baruti. Watani zetu Wazigua hawajaacha kutukumbusha: "Nyinyi mlikuwa na mvua, sisi tulikuwa na risasi."

Mwanawe Semboja alilielewa jambo hilo mapema kuliko nduguze. Hakutaka Vugha. Alijenga Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara inayoambaa mlima kutoka Pangani kwenda bara. Alivaa kama watu wa pwani, akafanya biashara nao, akakusanya bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliwapandisha watu wake mlimani, wakamng'oa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyekuwa kwenye kiti, na Semboja akamkalisha mwanawe mwenyewe. Yeye akabaki Mazinde. Ukitaka kujua bunduki iliufanya nini ufalme huu, huhitaji zaidi ya hapo: kiti kilibaki juu, nguvu ikashuka barabarani.

Na bunduki hizo hazikununuliwa kwa mahindi. Zilinunuliwa kwa pembe, na pembe zilipokwisha, kwa watu. Wakilindi waliogombana wao kwa wao walikamata raia wa wenzao, kisha raia wao wenyewe, wakawateremsha pwani kuwauza. Wabondei walikataa, wakawaasi Wakilindi katika vita viitwavyo Kiva, na Bonde likatoka mikononi mwa Vugha. Huko Ulaya majeshi yalikuwa yanabadilisha silaha mfululizo, na zile zilizopitwa na wakati zikasukumwa Afrika. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia upande huu kila mwaka. Takataka za Ulaya, kwa bei ya mtoto wa mtu.

Hali hiyo inaeleweka kwa maneno mawili ambayo mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na wazee wetu miaka ya 1960, aliyaweka katikati ya kitabu kizima: kuzifya shi na kubana shi. Kuzifya shi ni kuiponya nchi, kukawa na mvua na mazao. Kubana shi ni kuiharibu, kukawa na njaa. Mfalme mwenye nguvu moja, asiye na mpinzani, aliiponya nchi. Nguvu mbili zikishindana, nchi huharibika. Sasa fikiria nchi ambamo kila zumbe (chifu) mdogo aliyeko karibu na barabara ana magobore arobaini. Nguvu zimekuwa ngapi? Wazee walipoilaani bunduki hawakukilaani chuma. Walilaani kwamba kila mtu amekuwa mfalme.

Semboja alifariki 1895. Kabla ya hapo alikuwa ameingia katika vurugu za Abushiri na Wajerumani, akapatana nao mambo yalipogeuka. Wajerumani wakaitwaa nchi, Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, reli ikajengwa kutoka Tanga, ikafika Mombo 1905 na kuendelea hadi Moshi kwa kupita Mazinde hapohapo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umeshazuia silaha za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika. Gobore likaachiwa mkulima, na bunduki ya viasi ikawa ya serikali. Kivuli cha mgawanyo huo kingalipo.

Katika vita vya 1914 ubishi wa bunduki nzuri na mbaya uligeuka kuwa suala la kufa na kupona. Askari wengi wa Wajerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi nene ya milimita 11 na baruti ya zamani. Ukipiga mara moja, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chako na kila adui anajua ulipo. Waingereza waliowakabili walikuwa na bunduki ya 303 isiyo na moshi. Askari mzuri mwenye bunduki ya moshi alilazimika kupiga na kuhama, kupiga na kuhama. Ndiyo maana baada ya vita vya Tanga, Novemba 1914, ngawira ilipokelewa kwa shangwe: bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000, zote zikiwa zimeachwa na jeshi la Waingereza lililokimbilia merikebu zake. Askari walioshinda vita hivyo walikuwa wameletwa kwa treni, chini ya milima yetu. Aprili 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, ikakwama kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki za 1898 zisizotoa moshi. Wazamiaji walizitoa, na risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafunguliwa na kukaushwa moja moja. Watu hawafanyi kazi hiyo kwa silaha wasiyoipenda.

Wasambaa hawakuwa wengi miongoni mwa waliopiga. Vita hivyo viliwachukua watu wa nchi hii kuwa wapagazi zaidi kuliko askari, na mpagazi ana maoni mamoja tu juu ya bunduki: uzito wake. Mstaafu wa Soni hulikubali hilo. "Bunduki zote ni nyepesi saa ya kwanza," husema.

Baadaye ilikuja zamu ya 303, bunduki ya KAR (jeshi la kikoloni la Waingereza), ya polisi, na ya mabwana nyama. Ukisikia mzee wa miaka themanini akiitaja, tazama mkono wake wa kulia. Utaona unainuka, unavuta nyuma, unasukuma mbele, kana kwamba komeo liko hapo hewani. Hiyo haijijazi. Kila risasi ni kazi ya mkono, na walioizoea huona SAR ni anasa na SMG ni uchoyo.

Maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 ndiyo yaliyobadilisha tena majina. Jeshi la Wananchi likaundwa Septemba mwaka uleule, na Wachina wakaja na mafunzo na silaha zao. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwapo tangu 1963. Mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo, baada ya Wareno kuivamia Guinea na Amin kumpindua Obote kule Uganda, na ulinzi ukatangazwa kuwa kazi ya kila mwananchi. Mgambo ukafika mpaka Mtae na Mlola, kwenye vijiji ambavyo mtu hutembea nusu siku kuvifikia. Wengi walifundishwa kwa bunduki za mti kwanza. Aliyeshika SAR ya kweli aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka baiskeli yake ya kwanza. Kisha 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka, wanamgambo kwa makumi ya maelfu wakaitwa, na mazoezi yakawa si mazoezi tena.

Nadhani hapo ndipo mapenzi ya SAR yanapotoka huku kwetu. Haikuja kama bunduki ya zumbe wala ya Mzungu. Ilikuja na namba, ikaandikwa kwenye daftari, ikatolewa asubuhi na kurudishwa jioni. Hakuna aliyeuzwa pwani ili inunuliwe. Mtu aliyerithi hofu ya Mazinde angeweza kuishika bila kuona haya. Jirani yangu hajawahi kulisema hivyo, na pengine angenicheka. Lakini nimemsikia mara nyingi akisema jambo aliloliona zuri kuliko yote kwenye bunduki hiyo ni kwamba haikuwa yake.

Turudi kwa mzee wa gobore.

Ana shamba la mahindi ukingoni mwa msitu wa Magamba. Anayepajua anajua tatizo lake. Usiku nguruwe, mchana tumbili na kima, na ndege wakati wote. Mahindi yakianza kubeba, familia huamia. Hujenga dungu, hulala humo kwa zamu, hupiga debe, huwasha moto, hufuga mbwa mwenye kelele. Mtoto wa huku hujifunza kuamia kabla hajajifunza kusoma, na walimu wa shule zilizo karibu na msitu wanajua ni miezi gani madawati yatakuwa na nafasi. Palipo na gobore lenye kibali, hilo ndilo neno la mwisho. Hushindiliwa baruti, kitambaa, na chembe za chuma, huwekwa pembeni ya mlango wa dungu, na siku nyingi halipigwi kabisa.

"Nguruwe hajui aina ya bunduki," aliniambia. "Anajua mlio."

Hiyo ndiyo hoja yake yote, na sijaona wa kuijibu. Kwake bunduki inayojijaza haina maana, kwa sababu hana haja ya risasi ya pili. Mlio wa gobore hugonga mlima wa pili ukarudi, wanyama hukaa mbali siku tatu, na mahindi yanapata kupumua. Ubaya anaujua pia. Baruti ikilowa ukungu hulala. Mtutu mkuukuu unaweza kupasuka mkononi, na wapo watu waliopoteza vidole. Anasema ndiyo sababu hapendi kulitumia. Bunduki asiyependa kuitumia ndiyo anayoipenda.

Adabu ya chombo hicho aliirithi kwa baba yake na amewafundisha wajukuu. Halielekezwi mtu hata likiwa tupu. Halipitishwi juu ya aliyelala. Baruti na gobore havilali chumba kimoja. Mtu akiwa na ugomvi na jirani, au amekunywa pombe ya boha, siku hiyo halishiki. Atalishika ndugu mwingine, na asipokuwapo, mahindi yaliwe. Ukienda nalo njiani unatangulia kusalimia kabla hujafikiwa, ili anayekuona akusikie sauti kwanza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ina vifungu vingi, vya leseni na usajili na utunzaji, na vyote vinahitajika. Lakini sikumbuki kifungu kinachosema mwenye hasira ya jirani asiiguse bunduki siku hiyo. Hicho ni cha wazee.

Vijana wetu hawalipendi gobore, wala SAR. Bunduki wanazozijua ni za kwenye filamu na michezo ya simu, na wanazitaja kwa majina ya kigeni ambayo jirani yangu hulazimika kuuliza mara mbili. Mmoja aliwahi kumuuliza mstaafu ni bunduki gani ilikuwa bora zaidi Kagera. Tulidhani ataanza tena na SAR yake. Akanyamaza kidogo, akasema bora ilikuwa ile aliyoirudisha ghalani, akasaini, akapanda basi la kuja Mombo.

Magobore yanapungua. Mwenye kibali akifariki, la kwake hupelekwa polisi, na warithi wengi hawasumbuki kuomba. Mengine yapo darini bila karatasi yoyote, yameshika kutu, na mara kwa mara Serikali hutangaza msamaha kwa wanaoyasalimisha. Kama la babu yako lingali huko juu, lipeleke kituoni. Si chombo cha kukaa nacho kimyakimya. Ila kabla hujalishusha, muulize bibi lilikuwa la gumegume au la fataki, na liliingiaje nyumbani.